Kicheko cha Mtu wa Usoke

Simu yangu ya kupangusa ilikuwa inalala ndani ya kidumu. Kidumu kikavu, cha lita tano, nilichokikata mdomo nikakisukuma nyuma ya vidumu vyote vya asali pale kibandani kwangu sokoni. Kilipotetemeka, nami nilitetemeka nacho. Mteja akiuliza, "Mama, kuna nyuki humo?" nilimjibu kwamba wamo, wawili watatu wakali, asisogee.

Mle ndani alikuwamo mtu wa Usoke.

Simu alininunulia binti yangu wa kwanza, ili niwatumie wateja wa mbali picha za asali. Asali haina sura ya kupigwa picha. Ukishapiga moja umezipiga zote. Nikabaki na simu nzima na jioni nyingi za ujane, nikaanza kuchungulia huku na huku, mpaka nikafika kwenye ukurasa wa watu wazima wanaotafuta wenzi. Niliingia kama ninavyoingia duka nisilokusudia kununua kitu: kuuliza bei tu. Wengi waliokuwamo walisema wana miaka hamsini na picha zao zilisema sabini. Huyu mmoja alisema ana sabini kasoro, mstaafu wa reli, mjane, analima tumbaku Usoke, na goti moja halikunji. Nilisoma mara mbili. Mtu anayekutajia ubovu wa bidhaa kabla hujauliza, ama ni mwaminifu ama ni tapeli wa daraja la juu kabisa.

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, alinitumia sauti ya salamu yetu ya asubuhi: "Mwangaluka." Herufi ndogo hazikupatana na macho yake, kwa hiyo alizungumza. Nami nilipata kumjua kwa sauti kuliko kwa kitu kingine, hasa kwa kicheko chake. Kilianza na kikohozi, kikakwama, kikakohoa tena kama injini ya zamani iliyogoma, halafu kikashika moto na kwenda. Picha alituma moja tu, amesimama mbali, ana kofia, kama mtu aliyepigwa picha na adui yake.

Picha hiyo ilininyima usingizi. Muda si mrefu kabla ya hapo, mjane mmoja wa Puge alikuwa ameuza mbuzi zake amtumie nauli bwana wa kwenye simu, na bwana hakushuka kwenye basi lolote. Habari ilifika soko letu kabla yule mama hajafuta machozi. Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Nilicheka nao, tena kwa sauti, maana asiyecheka huangaliwa. Kwa hiyo nilijua kicheko hicho kinavyosikika. Kila simu ilipotetemeka nilikisikia, na safari hii kilikuwa na jina langu ndani.

Hapo ndipo watu wa filamu walipokuja Tabora.

Mwongozaji wao alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, viatu vyeupe kwenye vumbi letu, jambo ambalo peke yake lilitosha kunieleza ametoka wapi. Alisimama mbele ya kibanda changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Dar. Ila asili yetu Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo, mama."

Nikaweka upawa chini. "Toka mbele ya asali yangu. Mzaramo akiitazama tu inachacha."

Akashtuka. Halafu nikaona uso wake unakumbuka kitu, pengine bibi yake, pengine msiba fulani wa utotoni. "Na nyinyi," akasema kwa kujaribu-jaribu, "si ndio wapagazi wetu?"

Moyo wangu ukamfungukia palepale. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Wazee wetu waliteremka Pwani na mizigo vichwani, na aliyefia njiani akiwa hana ndugu, Mzaramo ndiye aliyemzika. Mtu aliyewahi kukuzika ana ruhusa ya kukutukana. Hata leo, msibani kwetu, mtani atakuja kulala mlangoni kwenye mkeka wa wafiwa, atamwiga marehemu anavyotembea, atakamata jeneza kwamba halitoki mpaka akombolewe, na hakuna wa kumkasirikia. Ila ruhusa hiyo ina mpaka. Ni ya pande mbili. Akikuchapa, nawe unamchapa, na ukitaka kuonyesha kwamba umekomaa katika utani, unajichapa mwenyewe kabla yake.

Ndivyo nilivyofanya. "Wapagazi tulikuwa," nikamwambia, "na mpaka leo Mnyamwezi hata akienda kuposwa anajitwika mzigo. Akiambiwa keti, anauliza, Ujiji bado ni mbali?"

Alicheka mpaka akashika meza. Akaomba kunirekodi. Nikamruhusu, mtani wangu, nikamwaga mengine ya namna hiyo, nikimchapa yeye na ukoo wake kwa uvivu wa kulalia minazi, naye akirudisha kwa ulimi wa kwao uliokuwa umeshika kutu.

Kisha akanieleza wanachotengeneza. Filamu ya kuchekesha, ya mapenzi, kuhusu wazee wawili wanaopendana kupitia simu.

Nilijizuia nisikitazame kile kidumu.

"Tumechoka, mama," alisema. "Filamu zetu mzee ni kijana aliyepakwa unga kichwani. Mwanamke wa bara ni mpishi, haongei, akiongea anaongea vibaya watu wacheke. Safari hii nataka Tabora yenyewe. Mnyamwezi awe Mnyamwezi, Mwarabu wa Tabora awe Mwarabu wa Tabora, Mkristo, Mwislamu, mikunjo ya uso ya kweli. Nataka wewe."

Mtu mwenye siri kama yangu angekimbia. Nilikaa usiku mmoja nikapiga hesabu, nikaipiga tena asubuhi, na jibu lilitoka lile lile: nikubali. Kwani nikiwa mwigizaji wa filamu ya wazee wanaopendana kwenye simu, nani ataniuliza kwa nini natabasamia simu? Nafanya mazoezi. Nikaitoa simu kwenye kidumu. Nikaiweka mezani, mchana kweupe, karibu na mizani. Ilipotetemeka, binti yangu huyo wa kwanza, aliyekuja kunichukua, alisema, "Mama na filamu yake." Nikasema ndiyo, na filamu yangu.

Nikafurahi siku chache. Kisha wakaleta skripti.

Miwani yangu nilikuwa nimeikalia, kwa hiyo binti yangu alinisomea, sebuleni, akiwa amekunja miguu kwenye kochi. Binti huyu ni muuguzi. Hacheki ovyo. Akaanza kusoma kwa sauti ya kuhudumia wagonjwa, na alipofika kati akashindwa.

"Mama, hii imekukaa! Sikiliza. Mwanamke anawasili stesheni kumpokea mpenzi wa kwenye simu. Ana mzigo kichwani. Anaambiwa aketi, anaketi na mzigo wake. Anauliza: Ujiji bado ni mbali? Watu stesheni nzima wanacheka."

Maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyatoa mkono kwa mkono, kwa mtani, na sasa yalikuwa yametolewa kwenye kitambaa chake na kuanikwa stesheni nzima.

Akaendelea. Mpenzi wa kwenye simu hatokei. Ni tapeli, ametumia picha ya Mwarabu mwenye duka. Vijana wanamrekodi mwanamke akilia na mzigo kichwani. Baadaye mwenye duka anaona kituko hicho, anamwonea huruma, na huruma inageuka mapenzi. Nilimwomba asome tena sehemu zote zilizoandikwa kwamba watu wanacheka. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Wananicheka mimi mara tisa. Mimi nacheka mara moja, tena peke yangu, tena baada ya kurogwa na busu.

"Ni kweli lakini, mama," binti yangu alisema akipangusa macho. "Mwanamke wa umri huo akajipeleke stesheni kwa mtu wa mtandaoni! Ningekuwa mwanaye ningehama mji."

Alisema hivyo akinyoosha mkono kuchukua chai. Hakuniangalia. Ulikuwa mzaha wa mtu anayemwamini mama yake. Nami nikasema, "Ungehamia wapi?" naye akasema, "Popote. Mpanda." Nikaiweka chai yangu chini bila kuinywa.

Jioni hiyo mtu wa Usoke aliniletea habari nilizokuwa nazingoja kwa miezi, na zilinijia wakati mbaya kuliko wote. "Hiyo filamu yako ikionyeshwa," sauti yake ilisema, "nitapanda gari moshi nije niione. Nikuone kwenye pazia, nikuone na nje ya pazia." Kikohozi, kukwama, kikohozi, kicheko.

Nikamjibu kwa ufupi kwamba aje. Kisha nikaongeza, nisijue kwa nini, "Nitakuwa nakusikiliza. Ukicheka mahali pabaya, rudi kwenu usinitafute." Akajibu: "Mahali pabaya ndipo wapi?" Nikasema atapajua. Ukweli ni kwamba mahali pabaya pote palikuwa mle, ukurasa kwa ukurasa, na nilikuwa nimepaandika mimi kwa mdomo wangu.

Mwenzangu katika filamu alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa, ukoo wa Kiarabu uliokaa Tabora kabla reli haijafika. Sokoni sote tunamwita Ami. Nilimfuata dukani kwake nikamkuta na skripti yake, ameikunja kama mtu anayetaka kuua nzi.

"Dada," alisema, "umeona wanavyonisemesha? Kila sentensi 'yakhe'. Yakhe njoo, yakhe kaa. Mimi bibi yangu mzaa mama ni wa Ntalikwa. Nimelia Kinyamwezi kabla sijaswali Kiarabu. Yakhe nimeanzia wapi?"

"Na mizani?"

"Na mizani ya kupunja! Wamenipa tasbihi mkono huu, mizani ya kupunja mkono huu. Wajukuu wangu wataangalia hii. Watajifunza kwamba babu yao ni mwizi mwenye udhu."

"Basi kataa, Ami."

Alinyoosha karatasi taratibu mezani. "Nikikataa, watamchukua kijana wa Dar wampake unga. Atasema yakhe mara mbili zaidi." Akanitazama. "Wewe unaogopa nini? Uso wako wa leo si wa skripti."

Ami ni mtu aliyeuza vitambaa maisha yake yote; anajua kitambaa chenye tundu hata kikiwa kimekunjwa. Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba kuna mtu atakuja kuangalia ambaye sitaki anione nikichekwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepimiwa kipande kamili. "Basi tudai bei yetu kabla hawajakata kitambaa," alisema.

Niliwaza namna ya kudai. Kulia kwa mwongozaji? Angenibembeleza, angesema mama usijali, kisha angefanya vilevile. Kugoma? Nisingekuwa na cha kumjibu binti yangu kuhusu simu. Nilikuwa kwenye foleni ya maji nilipokumbuka kwamba yule binti wa Kizaramo alikuwa amevunja kitu kilicho na sheria yake, na sheria hiyo inajua kudai.

Siku ya kupiga picha za stesheni tulifika mapema. Walikuwa wameweka mzigo wangu tayari: tenga la kidumu cha asali, mkeka na jogoo hai, kwa sababu mtu fulani alifikiri jogoo atachekesha. Abiria wa kweli walisimama pembeni na simu zao, wakisubiri wazee waaibike bure. Mmoja alikuwa muuza karanga wa soko letu.

Kila kipande cha filamu huanza na kile kibao cheusi wanachokigonga mbele ya kamera. Bila kugongwa, hakuna linaloanza. Kilikuwa kimewekwa kwenye benchi. Nikaenda nikaketi juu yake.

"Mama," kijana wa kibao aliniambia, "umekalia..."

"Najua nilichokalia."

Mwongozaji akaja. "Mama, vipi? Tuko tayari."

"Nimekamata," nikasema.

"Umekamata nini?"

"Nimekamata kibao. Mtani wako amekamata. Komboa."

Watu wazima waliokuwa pale stesheni walielewa mara moja. Nilisikia mngurumo mdogo wa raha. Yeye alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani alilolala siku lilipofundishwa. Kama angekasirika, ningekuwa bibi kizee aliyekalia mali ya watu, na muuza karanga angekuwa nayo kwenye simu yake kabla sijasimama.

Hakukasirika. Alitoa simu akampigia bibi yake Kisarawe, na kwa kuwa bibi hasikii vizuri, ilibidi aongee kwa sauti na simu ikiwa wazi, stesheni nzima ikifuatilia.

"Bibi, kuna Mnyamwezi amekalia kibao changu, anasema nikomboe!"

"Umemfanyia nini?" sauti ya bibi ilitoka ikiwa na mikwaruzo.

"Sijamfanyia kitu! Alinitania, nikaandika alivyonitania, nikaweka kwenye filamu."

"Na majibu yako umeweka?"

Mwongozaji akatazama viatu vyake vyeupe.

"Nauliza, alivyokutania yeye umeandika. Ulivyomjibu na alivyokurudishia, je? Umejiweka?"

"Hapana, bibi. Filamu haina Mzaramo."

"Ala! Umemvua mwenzio nguo sokoni, wewe umebaki na zako?" Bibi alicheka, kicheko kikavu cha raha. "Umekamatwa, mjukuu wangu. Komboa. Na wewe Mnyamwezi, unanisikia? Usimwachie kwa bei ndogo."

"Nakusikia, mtani," nikapaza sauti. "Umeshakufa?"

"Bado. Nakungoja wewe uje unibebe!"

Stesheni ililipuka. Hata mimi nilicheka. Kisha tukaketi kwenye benchi, mwongozaji na mimi na Ami, kibao kikiwa bado chini yangu, tukaanza biashara ninayoifahamu.

Nilifungua na bei ya juu: filamu nzima iandikwe upya. Akasema haiwezekani. Nikajua. Nikashuka: tapeli aondolewe, mtu wa simu awe mtu kweli, awe Ami mwenyewe. Akafikiri, akakubali. Ami akadai yakhe zote. Akaachiwa moja, ya kumwigiza mjomba wake wa Unguja, kwa sababu hiyo, alikiri, inachekesha. Mizani ya kupunja ikaenda. Tasbihi ikabaki, maana ni yake kweli. Jogoo nikamwondoa bila kushauriana na mtu.

"Na mzigo?" aliuliza. Alionekana kuuhofia kuliko vyote. "Mama, mzigo ndio filamu yenyewe."

"Mzigo ubaki. Utani niliusema mimi, siwezi kuukana. Ila wa kuniambia maneno yale awe Mzaramo, ana kwa ana, na nimjibu, na jibu langu lisikike mpaka mwisho."

"Tutampata wapi Mzaramo leo?"

Nilimtazama tu. Ami naye akamtazama. Stesheni nzima ikamtazama.

Akafunika uso kwa skripti. "Mungu wangu," alisema. "Mimi siigizi."

"Nami nilikuwa nauza asali," nikamwambia.

Hivyo akaingia kwenye filamu yake mwenyewe kama mkwe wangu wa Kizaramo. Nikainuka, nikamkabidhi kibao. Kilikuwa na joto.

Mnadhani hapo hofu iliisha. Ilikua. Kukubaliana bei ni jambo moja. Kufungua gunia mbele ya watu ni jingine. Miezi ilipita, wakaenda Dar, wakarudi na tangazo: filamu itaonyeshwa kwanza Tabora, kwenye ukumbi mjini, saa kumi na moja jioni. Mtu wa Usoke akasema tayari amekata tiketi. Picha yake bado ilikuwa ile ile moja, ya mbali. Nilimwambia kofia atakayovaa aniambie. Akasema, ya kijivu. Kisha nikamkataza kunitafuta kabla filamu haijaisha. Mpaka taa zitakapowaka, nilitaka awe sauti tu, ile ninayoijua.

Ukumbini niliketi karibu na binti yangu, safu ya tatu. Alikuwa amevaa gauni la sikukuu na alikuwa anawasalimia watu kwa fahari ya mtoto wa mwigizaji. Nilihesabu vichwa nyuma yangu kabla ya taa kuzimwa, nikahesabu tena, na kofia za kijivu zilikuwa tatu. Mmoja wao angeweza kuwa yeye. Wote wangeweza kutokuwa yeye. Yawezekana alikuwa Dar muda huu, kijana mwenye sauti ya kuazima, akicheka na wenzake.

Giza likaingia. Niliacha kuangalia pazia karibu mara moja. Sura yangu naijua. Nilifumba macho nikasikiliza.

Watu walicheka mapema, kwa wema, mwanzoni kabisa, Ami alipojaribu kuandika ujumbe na simu ikamwandikia kitu kingine. Nikatafuta kikohozi. Hakikuwepo. Walicheka nilipojipiga picha mwenyewe mara kadhaa na zote zikatoka paji la uso. Kikohozi hakikuwepo. Nikaanza kuamini kwamba hayupo, na sikujua kama ninachokihisi ni nafuu au ni lile tukio la Puge, linanijia mimi nikiwa nimekaa na watu mia kadhaa wasiojua.

Kisha stesheni. Nilisikia hatua zangu mwenyewe kwenye spika. Mzigo ukajitokeza, na ukumbi ukacheka, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kile kicheko cha sokoni. Kilianzia upande wa kulia, kikaenea. Binti yangu alikuwamo ndani yake. Nilishika mkono wa kiti. Huku nyuma, hapana kikohozi. Nikawaza: kama yupo, amenyamaza. Kama yupo, anangoja.

Mkwe wa Kizaramo akasema, kwa ile sauti ya mwongozaji inayotetemeka kwa aibu, "Mama, huu mzigo vipi? Unaenda kupendwa au unaenda Ujiji?"

Ukumbi ukalipuka. Na mimi kwenye pazia nikangoja wamalize, kwa kuwa nilimwambia mpiga picha asikate mpaka wamalize, nikasema:

"Mwanangu, ukiona Mnyamwezi amejitwika, jua anakokwenda atafika. Nyinyi mliokaa chini mnatusubiri, mmefika wapi?"

Kulikuwa na nukta moja ya kimya. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika nukta ile.

Kisha huko nyuma, upande wa kushoto, mtu alikohoa. Kikakwama. Kikakohoa tena. Kikashika moto, kikaenda, na ukumbi mzima ukakifuata.

Nikageuka. Sikukusudia. Shingo ilikwenda yenyewe, gizani, kabla akili haijaikataza, na niliporudisha uso mbele binti yangu hakuwa anaangalia pazia. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mama," alisema taratibu. "Yule anayecheka nyuma unamjua?"

Nilikuwa na majibu tayari. Mazoezi ya filamu, mfanyabiashara mwenzangu, mteja wa asali wa Usoke. Niliyapanga yote mdomoni kama vidumu. Kwenye pazia nilikuwa nateremsha mzigo, Ami akiupokea, na watu walikuwa wanapiga makofi kwa ajili ya mwanamke wa umri wangu aliyejipeleka stesheni kwa mtu wa kwenye simu.

"Sauti yake tu," nikasema. "Uso bado."

Niliona macho yake yakirudi nyuma, kwenye simu iliyotetemeka karibu na mizani, kwenye chai niliyoiweka chini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua bidhaa alizokwisha kulipia. Nilingoja aseme Mpanda. Aliuchukua mkoba wangu kwenye mapaja yangu akauweka kwenye mapaja yake, na filamu ikaendelea mpaka mwisho, sikuona hata kipande.

Taa zikawaka. Watu wakainuka, wengine wakanijia. Nyuma kabisa, kando ya mlango, mzee mmoja alibaki ameketi, goti moja limenyooka mbele yake kama fimbo. Kofia yake ilikuwa ya kahawia.

"Nenda," binti yangu alisema. Sauti yake haikuwa tamu, wala haikuwa kali. "Mkoba ninao. Mimi nakuangalia nikiwa hapa hapa."

Nikasimama. Nilipita kati ya viti nikishika migongo yake, na kadiri nilivyosogea ndivyo yule mzee alivyojaribu kuinuka, goti likimkatalia, mpaka akafaulu. Alikuwa mfupi kuliko picha yake. Kofia, alisema kijivu, ilikuwa kahawia. Nikazihesabu kasoro hizo mbili, nikazirudia, nikaona nina pa kuanzia bei.